Figo Moja Yatosha

Mtu akitolewa figo kwa sababu ya saratani, swali la kwanza linaloulizwa nyumbani huwa halihusu saratani. Huwa ni hili: sasa ataishi na moja? Nimelisikia kwenye matatu, nimelisikia matangani, na nimelisikia likiulizwa kwa sauti ya chini kwenye kikao cha kuchanga pesa za hospitali. Kabla ya mwaka 1869 hakukuwa na daktari aliyeweza kulijibu kwa uhakika. Baada ya mwaka huo jibu lilijulikana, na karibu kila kitu tunachofanya leo kutibu saratani ya figo, iwe London au Eldoret, kimesimama juu ya jibu hilo.

Aliyelitafuta aliitwa Gustav Simon, mpasuaji wa mji wa Heidelberg, Ujerumani. Alijiwa na mwanamke wa miaka 46 ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo mahali pengine, na katika upasuaji huo mrija unaoteremsha mkojo kutoka figo moja ukaharibiwa. Tangu siku hiyo mkojo ulimvuja mchana na usiku. Simon alijaribu kurekebisha mrija ule, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa. Njia iliyobaki ilikuwa kuitoa figo yenyewe, nzima, ingawa haikuwa na ugonjwa wowote.

Hakukimbilia kisu. Alianza na mbwa: akawatoa figo moja moja na kuwaangalia. Wale waliopona waliendelea kuishi kama kawaida, figo iliyobaki ikibeba kazi ya zote mbili. Kisha akafanya mazoezi kwa maiti ili ajue njia ya kupita mgongoni bila kufungua tumbo. Tarehe 2 Agosti 1869 akamlaza yule mama kwa klorofomu, akaitoa figo kwa muda wa dakika 40 hivi. Alipata homa, kidonda kikasumbua, lakini akapona, akarudi kwao akiwa na figo moja.

Miaka minane kabla, mwaka 1861, daktari Erastus Wolcott wa Milwaukee, Marekani, alikuwa ametoa figo yenye uvimbe. Lakini alipoanza kupasua alidhani anatoa uvimbe wa ini. Mgonjwa wake alifariki baada ya siku 15. Wolcott aligundua ni figo wakati tayari anaishika mkononi. Simon alijua anachotoa na kwa nini. Ndiyo maana vitabu vya udaktari huanza kuhesabu kutoka kwake.

Hebu tukumbuke figo ni kitu cha aina gani. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mtu. Mbili zimekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, kila moja na tabaka lake la mafuta, kama unavyoziona zikining'inia buchani. Kwa siku moja huchuja maji yanayofika lita 180 kutoka kwenye damu, kisha zinayarudisha mwilini karibu yote. Kinachobaki, lita moja au mbili, ndicho mkojo. Mwili umepewa uwezo kuliko mahitaji yake. Figo moja ikiwa nzima, mtu analima, anazaa, anasafiri, anazeeka.

Kwa hivyo kufikia miaka ya 1870 wapasuaji walikuwa na ruhusa ya kutoa figo. Ila walikuwa hawajui wanatoa ugonjwa gani. Mwaka 1883 Mjerumani Paul Grawitz alitazama uvimbe wa figo kwa darubini, akaona seli zilizojaa mafuta, rangi ya manjano. Akaona zinafanana na seli za tezi ndogo inayokaa juu ya figo kama kofia, ile ya adrenali. Akasema uvimbe huu unatokana na vipande vya tezi hiyo vilivyopotea njia na kunasa ndani ya figo mtoto akiwa bado tumboni. Nadharia ilikuwa tamu, ikapewa jina, na jina likakaa. Vizazi vya madaktari vilifundishwa hivyo. Ni mwaka 1960, kwa darubini ya elektroni, ndipo Charles Oberling na wenzake walipoonyesha kwamba seli hizo ni za figo yenyewe, za vijirija vinavyochuja mkojo. Miaka 77 ugonjwa uliitwa kwa jina la jirani yake.

*

Je, ni ugonjwa wa kawaida? Inategemea umesimama wapi unapouliza. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, watu zaidi ya 430,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya figo, na zaidi ya 150,000 walikufa kwayo. Hiyo ni kama wagonjwa 2 katika kila 100 wa saratani zote. Wanaume huugua karibu mara mbili ya wanawake, na wengi wao wamevuka miaka 60. Sigara huongeza hatari, unene huongeza, shinikizo la damu huongeza.

Hapa Kenya haimo kwenye orodha ya zile zinazotutisha. Tunaogopa ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume, na ile ya koo la chakula inayowamaliza watu Bonde la Ufa. Ya figo inakuja nyuma kabisa. Lakini idadi ndogo ina historia yake pia. Saratani haihesabiwi mpaka iwepo ofisi ya kuihesabu. Kampala walianzisha rejesta yao ya saratani mwaka 1951, na ni miongoni mwa zile kongwe zaidi Afrika. Sisi tulingoja: Eldoret mwaka 1999, Nairobi mwaka 2001. Na hata rejesta ikiwepo, mtu aliyefia nyumbani bila kupigwa picha hataandikwa popote.

Tena saratani hii hujificha. Vitabu hutaja dalili tatu: damu kwenye mkojo, maumivu ubavuni, na uvimbe unaoshikika kwa mkono. Zote tatu kwa pamoja huonekana kwa wagonjwa wachache tu, na zikionekana mara nyingi ugonjwa umeshapiga hatua. Katika nchi tajiri nyingi sasa hugunduliwa kwa bahati, mtu akipigwa picha ya kitu kingine kabisa. Godfrey Hounsfield alipotengeneza mashine ya skani ya CT, na ya kwanza ikatumika kwa mgonjwa mwaka 1971, hakuwa akiwaza figo. Lakini skani na altrasaundi zimefanya kwa figo kazi ambayo hakuna kisu kingeifanya. Zimekamata uvimbe ukiwa mdogo kama ndimu, kabla haujaanza kusema.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alienda kupigwa picha kwa sababu ya tumbo lililokuwa likimsumbua baada ya kula, wakitafuta mawe kwenye nyongo. Mawe hayakuwepo. Kulikuwa na uvimbe wa sentimita sita kwenye figo ya kulia.

"Mjomba," nilimuuliza jioni ile, "hujawahi kuona damu kwenye mkojo?"

"Mara moja, mwaka juzi. Ikaisha yenyewe. Nikajua ni kile kichocho cha utotoni kimerudi."

Simlaumu. Kwa watu waliokua wakioga ziwani na mitoni, damu kwenye mkojo ina maelezo yake tayari, na mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli. Kichocho kipo. Maambukizi ya njia ya mkojo yapo. Tatizo ni kwamba damu ya saratani nayo huja mara moja, bila maumivu, kisha ikanyamaza miezi au hata miaka. Kuisha kwake si kupona.

Usiku uleule kikundi cha WhatsApp kikafunguliwa, mweka hazina akateuliwa, M-Pesa zikaanza kuingia. Na mama mdogo akauliza lile swali. "Sasa huyu ndio atakuwa mtu wa kusafishwa damu kila wiki?" Daktari alituambia kwa upole kwamba kwanza wamepima damu yake kuona kama figo ya kushoto inafanya kazi sawasawa, na inafanya. Hatahitaji mashine. Nilitamani kumwambia mama mdogo kwamba kuna mtu alilifanyia kazi swali lake kwa mbwa wa Heidelberg, lakini haikuwa saa yake.

*

Upasuaji aliofanyiwa una ukoo. Katika miaka ya 1960 Charles Robson wa Toronto, Kanada, alifundisha kwamba uvimbe wa figo usiondolewe kama mtu anayetoa jiwe kwenye mchele. Itolewe figo yote, na mafuta yake, na ngozi nyembamba inayoyafunika, na tezi ya juu yake, na matezi ya jirani. Matokeo yake yalikuwa bora kuliko ya waliomtangulia, na kwa miongo kadhaa hiyo ikawa sheria.

Halafu sheria ikalegezwa, kwa wazo ambalo lilikuwa limesahaulika. Mwaka 1887, Heidelberg hiyohiyo, Vincenz Czerny alikuwa amekata uvimbe peke yake na kuiacha figo iliyobaki mahali pake. Wakati huo ilikuwa kazi ya hatari, kwa sababu figo huvuja damu vibaya sana. Karne moja baadaye, wapasuaji walipoweza kuizuia damu na kuona kwa skani uvimbe umekaa wapi hasa, wakarudi kwa Czerny. Leo uvimbe usiozidi sentimita nne, pale utaalamu upo, hukatwa peke yake. Mzee sana mwenye uvimbe mdogo anaweza hata kuachwa bila kupasuliwa, akawa anapigwa picha kila baada ya muda. Na tangu Juni 1990, Ralph Clayman na wenzake wa St. Louis, Marekani, walipoitoa figo kupitia matundu madogo wakitumia kamera, si lazima mtu apasuliwe ubavu mzima.

Kisu kinaponya kama ugonjwa haujatoka ndani ya figo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba katika hali hiyo zaidi ya watu 90 katika 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Ukishafika kwenye mapafu au mifupa, idadi inashuka chini ya 20. Na hapo ndipo saratani hii ilipowashinda madaktari kwa muda mrefu, maana ile kemo ya kawaida inayosaidia matiti au damu haiisumbui sana saratani ya figo ya mtu mzima. Miale nayo haikuwa na nguvu kubwa juu yake.

Mlango ulifunguliwa na watu ambao hata hawakuwa wakitafuta figo. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa macho wa Kijerumani, Eugen von Hippel, alieleza vivimbe vya mishipa ya damu ndani ya jicho. Mwaka 1926 Msweden Arvid Lindau akaona kwamba watu hao huwa na vivimbe kama hivyo kwenye ubongo, na viungo vingine pia huguswa, figo zikiwemo. Ulikuwa ugonjwa wa kurithi, wa familia chache. Mwaka 1993 jeni yake ikapatikana, ikaitwa VHL kwa majina yao. Kumbe jeni hiyohiyo huwa imeharibika katika sehemu kubwa ya saratani za figo za kawaida, zile za watu wasiorithi chochote. Kazi yake ni kuiambia seli kama hewa ya oksijeni inatosha. Ikiharibika, seli hudhani inakosa hewa hata kama hewa imejaa, na huita mishipa mipya ya damu ije kuilisha. Uvimbe unanenepa kwa kengele ya uongo. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Nobeli mwaka 2019 kwa kueleza mtambo huo.

Ukishajua uvimbe unaishi kwa kuita mishipa, unaweza kuuzuia usiite. Vidonge vya kwanza vya namna hiyo, sorafenib na sunitinib, viliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2005 na Januari 2006. Mwaka 2015 ikafuata nivolumab, dawa ya dripu inayoiondolea kinga ya mwili breki ambazo saratani huikanyagia. Watu ambao zamani wangehesabiwa miezi sasa huhesabiwa miaka. Dawa hizi zipo hata Nairobi. Bei yake ndiyo inayozifanya ziwe kama hazipo kwa familia nyingi.

*

Mpaka hapa nimezungumza kuhusu wazee. Lakini figo ina saratani nyingine, ya watoto, na kwetu Afrika hiyo ndiyo inayopaswa kutunyima usingizi.

Inaitwa uvimbe wa Wilms. Humpata mtoto mmoja hivi katika kila 10,000, wengi wakiwa na miaka mitatu au minne. Watoto wenye asili ya Afrika huupata zaidi, na wa Asia ya Mashariki huupata kidogo kuliko wote. Max Wilms aliuandikia kitabu mwaka 1899, akieleza kwamba unatokana na seli changa za figo ambazo hazikukomaa. Yeye naye aliishia Heidelberg, akawa profesa wa upasuaji huko. Mwaka 1918, katika vita, alimpasua koo mfungwa Mfaransa aliyekuwa akikosa pumzi, akaambukizwa dondakoo, akafa.

Mwaka 1877, mjini Leeds, Uingereza, Thomas Jessop alimtoa figo mtoto wa miaka miwili. Mtoto alipona kidonda, lakini ugonjwa ulirudi akafariki kabla ya mwaka kuisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa hadithi ya kawaida kwa miaka mingi: kisu kizuri, kaburi dogo. Upasuaji bora na miale vilisaidia kiasi. Kisha katika miaka ya 1950, Sidney Farber wa Boston akaongeza dawa iitwayo actinomycin D, iliyopatikana kwa vijidudu vya udongoni, na watoto wakaanza kuishi kwa wingi. Ikaongezwa vincristine, ambayo hutoka kwenye ua lenye asili ya Madagaska. Ua hilo unalijua. Ni lile la zambarau au jeupe, lenye petali tano, linaloota kwenye nyua nyingi za Pwani na hata kwenye mikebe ya rangi mitaani Nairobi, wala halihitaji kunyweshewa sana. (Usilichemshe ukanywa, ni sumu, na hospitali hutumia kiasi kilichopimwa.) Leo katika nchi tajiri watoto 9 katika 10 wenye uvimbe wa Wilms hupona.

Wala usidhani kemo ilikuja kwetu juzi. Denis Burkitt akiwa Mulago, Kampala, na Peter Clifford akiwa Nairobi, walikuwa wakitibu uvimbe wa taya wa watoto kwa dawa tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na walivyoona uvimbe ukiyeyuka dunia nzima ilisikiliza. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa mwaka 1967. Yaani ushahidi kwamba saratani ya mtoto inaweza kushindwa kwa dawa ulipatikana kwa sehemu hapahapa, kwa miili ya watoto wetu.

Ndiyo maana tofauti ya leo inauma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wa Kenya wenye uvimbe wa Wilms ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu ndio waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka miwili. Dawa zilikuwa zilezile za zamani, ambazo si za bei ya juu zikilinganishwa na za watu wazima. Wapasuaji wapo, Kenyatta, Eldoret, Kijabe. Kilichowatenganisha watoto waliopona na wengine, kwa sehemu kubwa, kilikuwa kumaliza matibabu. Waliokuwa na kadi ya NHIF walimaliza zaidi.

Nikimsindikiza mjomba kliniki nilikaa benchi moja na mama aliyekuwa amempakata mtoto wa miaka kama mitatu. Alinieleza bila mimi kuuliza sana. "Nilikuwa namwogesha, mkono ukagusa kitu kigumu hapa. Zahanati wakanipa dawa ya minyoo. Mara mbili." Miezi miwili ilipita hivyo. Sasa walikuwa kwenye dripu za mwanzo, zile za kuupunguza uvimbe kabla ya kupasua. Nikamuuliza dawa zinapatikana? "Dawa zipo, ndugu yangu. Nauli ndiyo inanimaliza. Na huko nyumbani nimeacha wengine wawili kwa nyanya yao."

Tupige hesabu yake. Mpango unaotumika sehemu nyingi za Afrika ni wiki nne za dripu kabla ya kisu. Baada ya kisu, kama ugonjwa ulikuwa mdogo, ni wiki nne nyingine. Kama ulikuwa umetoka nje ya figo, ni wiki 27. Mtoto huonekana amepona mapema sana. Tumbo limeshuka, anacheza, anakula ugali, kidonda kimefunga. Mzazi aliyeuza mbuzi wa mwisho anamtazama mtoto huyo mwenye afya na kujiuliza auze nini tena ili ampeleke kuchomwa sindano inayomtapisha. Wanaorudi nyumbani hapo katikati hawajinga. Wamefanya hesabu kwa kile walichonacho. Ugonjwa nao hufanya hesabu yake, na unaporudi, dawa za mwanzo hazitoshi tena.

Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, tuna SHA, na mjadala wote umekuwa kuhusu inalipa kiasi gani cha kemo na nani amejiandikisha. Ni mjadala wa haki. Lakini bima hailipi nauli ya basi, wala kitanda cha mama anayesubiri dripu ya Alhamisi ijayo, wala chakula cha wale wawili walioachwa kwa nyanya. Na sisi tunajua kuchanga. Tunachanga vizuri zaidi kwa ajili ya siku moja: siku ya upasuaji, siku ya kutolewa hospitali, siku ya mazishi. Kikundi cha mjomba kilifungwa juma lilelile alipotoka wodini, na kwake ilifaa, maana kisu kilimaliza kazi. Kwa mtoto wa Wilms, siku ya kutoka wodini ni mwanzo tu.

Kwa hivyo kama kuna mtoto kama huyo kanisani kwenu, msikitini, au kwenye chama chenu, msifunge kikundi akitolewa figo. Moja iliyobaki itamtosha, hilo lilishajibiwa zamani. Muulizeni mama yake amebakiza wiki ngapi, na nauli ya kila wiki ni shilingi ngapi.